Machipuko Yameanza, Mbona Theluji Bado Ipo?

Kila mwaka, ikifika tarehe 20 Machi au siku mbili tatu baadaye, shangazi yangu wa Morogoro hunitumia ujumbe wa sauti. Wa mwaka huu ulikuwa hivi: "Wewe mtoto, redio imesema huko kwenu masika yameanza. Mbona kwenye picha ya jana umevaa koti kama mlinzi wa usiku, na theluji imekufika magotini? Redio inasema uongo, au wewe umetuma picha ya zamani?"

Redio haikusema uongo, na picha ilikuwa ya asubuhi ileile. Ninaishi Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine, pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani, ambako siku hizi si ajabu kusikia Kiswahili cha Uvira au cha Bujumbura kwenye foleni ya duka la vyakula. Swali la shangazi ndilo wanaloulizana wageni wa hapa kila Machi. Taarifa ya habari inatangaza siku ya kwanza ya majira mapya; mtu anachungulia dirishani, anaona theluji imelala juu ya magari, anaghairi kutoka. Mwingine anaona siku mbili za jua mwezi wa pili, anakwenda kununua mbegu. Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa sababu yake, na sababu hizo ukizielewa, msitu na bustani vinaanza kusomeka.

Neno lenyewe

Nusu ya mkanganyiko imo kwenye tafsiri. Masika ni mvua. Kuanzia Machi hadi Mei mawingu yanajaa, barabara za vijijini zinaliwa na maji, mkulima anapanda. Hakuna anayepima masika kwa joto. Hapa Maine, kinyume chake, mvua au theluji huanguka karibu mwaka mzima, kwa hiyo haiwezi kutenganisha majira. Yanayotenganisha ni mwanga na joto. Lakini kwa kuwa majira ya huku ni manne, na sisi tuna majina manne, masika, kipupwe, vuli na kiangazi, watafsiri wengi waliyaoanisha moja kwa moja, kama mtu anayegawa viatu kwa kuhesabu miguu bila kuuliza namba. Ndipo tukapata "masika" ya Marekani yenye theluji ya magotini.

Waandishi waangalifu husema majira ya kuchipua, au machipuko, na yale ya majani kudondoka huyaita mapukutiko. Mimi nitatumia machipuko. Jina linataja kitu kinachoonekana kwa macho, na ndicho tunachokitafuta.

Siku isiyo na joto

Basi tarehe 20 Machi inatangaza nini? Inatangaza hesabu ya jua. Dunia imeinama, nyuzi 23.5 hivi, wakati inalizunguka jua. Nusu ya mwaka ncha yake ya kaskazini imelielekea jua, nusu nyingine imelipa kisogo. Ziko siku mbili za katikati ambapo haijaelekea wala haijageuka: jua linapita juu kabisa ya ikweta, na mchana na usiku vinakaribia kulingana dunia nzima. Siku hiyo huitwa sikusare. Ile ya Machi huangukia tarehe 19, 20 au 21, na ndiyo aliyoisikia shangazi.

Kwa aliyekulia Dar es Salaam urefu wa mchana si habari. Mchana mrefu kuliko wote na ule mfupi kuliko wote havipishani hata saa moja. Lewiston, mchana wa Desemba haufiki saa tisa, na wa Juni unapita saa kumi na tano. Waislamu wa hapa wanalijua jambo hili kuliko watabiri wa hewa: Magharibi ya Desemba huingia saa kumi na dakika chache jioni, mtu hata hajatoka kazini, ya Juni inakaribia saa mbili na nusu usiku. Machi ndipo mbio zinapokuwa kali. Mchana unaongezeka dakika tatu hivi kila siku, yaani ndani ya wiki moja umepata dakika ishirini za jua ambazo hukuwa nazo.

Sasa kama mwanga umeongezeka, joto liko wapi? Jibu liko jikoni. Umewasha jiko la mkaa, umeinjika sufuria ya maharage. Moto umekolea, maji bado ya baridi, na hakuna anayesema moto ni wa uongo. Maine ya mwezi Machi ni sufuria kubwa sana: udongo umeganda, maziwa yana barafu ya kubeba gari, bahari ya Atlantiki iko baridi. Tena barafu ina ubahili wake. Joto lote inalopewa hulitumia kwanza kuyeyuka, haipandi hata nyuzi moja. Weka chupa ya maji yaliyoganda juani pale stendi ya Msamvu: maji yanayotangulia kuyeyuka humo yatabaki baridi ya kuuma meno mpaka kipande cha mwisho kiishe. Kuyeyusha kilo moja tu ya barafu kunakula joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji hayohayo kutoka nyuzi sifuri hadi karibu nyuzi 80. Sasa piga hesabu ya msitu mzima uliofunikwa na theluji ya miezi minne, ambayo kwa weupe wake inaurudisha mwanga mwingi angani kabla haujafanya kazi yoyote.

Watabiri wa hewa wana hesabu yao nyingine: machipuko kwao huanza tarehe 1 Machi na kufungwa mwisho wa Mei, ili rekodi ziende kwa miezi mizima. Hiyo ni ya makaratasi, tuiache hukohuko.

Saa mbili, lakini si ya asubuhi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Viumbe wa msituni na mimea ya bustanini wana saa mbili. Ya kwanza ni ya mwanga, yaani urefu wa mchana. Hiyo haikosei: tarehe 20 Machi ya mwaka huu ina mchana uleule wa mwaka 1920. Ya pili ni ya joto: la hewa, la udongo, la maji. Hiyo ni daladala. Itakuja, ila usiniulize itakuja lini. Wengine hufuata saa ya kwanza, wengine ya pili, na wengi huziangalia zote kabla ya kuthubutu. Ndiyo maana machipuko huja kwa foleni, kuanzia Januari hadi Juni inapoingia, na yule wa mbele kabisa kwenye foleni pengine amekupita bila wewe kumtambua.

Wafuata mwanga huanza mapema mno. Katikati ya Januari, baridi ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, kuna ndege mdogo mwenye kofia nyeusi, ndege rasmi wa jimbo hili, anayeanza kupiga mluzi wa noti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Miezi ya nyuma alikuwa akikwaruza tu kooni. Mluzi ule ni wa kuita mwenzi na kutangaza kiwanja. Hakuna joto lililomwambia. Ni zile dakika za jua zilizoanza kurudi mwisho wa Desemba.

Machi inapofika katikati huja madume ya ndege mweusi mwenye mabega mekundu. Hujishikiza kwenye matete makavu, kinamasi kikiwa bado na barafu, na kupiga kelele kutwa. Majike hayapo, yatafika wiki kadhaa baadaye. Madume yamewahi viwanja, kama wachuuzi wanaolala nje kuwahi nafasi ya mnada. Ukiniuliza mimi, kati ya ishara zote za Machi, hii ndiyo ninayoiamini.

Na hapa pana undugu na nyumbani. Mbayuwayu wengi wanaojipanga kwenye nyaya za umeme huko Afrika Mashariki kati ya Oktoba na Machi si wenyeji; hutaga Ulaya na Asia, wakaja kwetu kukimbia baridi. Aprili wanatoweka. Mbayuwayu aliyetua Dodoma hana habari ya theluji ya Urusi, lakini saa iliyomo mwilini mwake, pamoja na mwendo wa mwanga, humwambia wakati umefika. Ndege wa aina hiyohiyo hufika Maine pia, mwisho wa Aprili au Mei inapoanza, ila wa huku hupitisha baridi yao Amerika ya Kusini, kwa hiyo hawajuani. Kule Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, watafiti wamekuwa wakiwavisha pete ndege wahamiaji tangu mwaka 1969, usiku wa ukungu wanapovutwa na taa wakiwa njiani kushuka kusini. Hao wakigeuza safari, mtu wa kijiji fulani cha Urusi atasema machipuko yamewasili.

Mgema wa kaskazini

Tuje kwa wafuata joto, na nianze na mti. Uitwao mepo, jani lake ndilo lililoko kwenye bendera ya Kanada. Kuanzia Februari inapoishia hadi Aprili inapoanza, usiku ukishuka chini ya sifuri na mchana ukapanda juu yake, mti huu hugeuka pampu. Usiku shina likiganda hufyonza maji kutoka mizizini. Mchana likiyeyuka, msukumo unajengeka ndani, na utomvu unatoka popote penye tundu. Mkulima hutoboa shina kwa keekee, hupigilia kibomba, hutundika ndoo. Wenyeji wa asili wa eneo hili, Wabanaki, walijua kuvuna utomvu huu kabla Mzungu hajatia mguu.

Msomaji wa pwani ameshamtambua huyu. Ni mgema, ila hapandi juu. Na utomvu wenyewe, unapotoka mtini, machoni ni maji matupu, sukari yake asilimia 2 hivi. Nilipoonjeshwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu kazi yake yote ni kuyatoa. Anachemsha kibandani kutwa kucha, mvuke ukifuka paani, mpaka lita 40 zibaki lita 1 ya sharubati nzito ya rangi ya chai ya rangi. Jumapili ya nne ya Machi vibanda vya jimbo zima hufungua milango kwa wageni, na utawaona watu na makoti yao wakimwagiwa sharubati ya moto juu ya theluji safi, ikaganda kama kashata laini, wakaila.

Zingatia jambo moja. Ndoo hujaa kwa sababu usiku bado una baridi. Anayesema "theluji ipo, kwa hiyo machipuko hayajaanza" aende akaangalie ndoo. Usiku wa kuganda ukikoma na machipukizi yakianza kuvimba, utomvu unaharibika ladha, na msimu wa mgema huyu umekwisha.

Wakati huohuo barabara za udongo zinageuka uji. Juu pameyeyuka, chini pangali jiwe, maji hayana pa kwenda, kama chai iliyomwagika kwenye sinia. Malori mazito huzuiwa kupita kwenye barabara nyingi za namna hiyo kwa wiki kadhaa. Wenyeji hutania kwamba jimbo lao lina majira matano, na la tano ni tope. Kama pana mahali masika na machipuko yanapopeana mkono, ni hapo.

Usiku Mkubwa

Kuna chura wa msituni, kahawia, ana weusi machoni kama aliyevaa kinyago. Majira ya baridi hashuki kwenye shimo refu wala chini ya dimbwi. Hulala chini ya majani makavu tu, na anaganda. Moyo unasimama. Hapumui. Ukimgonga unasikia sauti ya kitu kigumu. Kinachomwokoa ni sukari: ini lake humwaga glukosi nyingi kwenye damu, ikazilinda seli zake zisipasuliwe na barafu. Joto likirudi anayeyuka kuanzia ndani, moyo unaanza kudunda upya, na baada ya muda si mrefu yuko njiani kwenda dimbwini kutafuta jike. Ukimsikia bila kumwona utasema ni bata.

Haendi peke yake. Hungojewa usiku wa kwanza wa mvua yenye uvuguvugu, joto likizidi nyuzi 7 hivi, mara nyingi Aprili. Aliyewahi kuona kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua za kwanza ataelewa kinachotokea: msitu mzima unafunguka kwa pamoja. Watu wa hapa huuita Usiku Mkubwa, nao hutoka na tochi, ndoo na vizibao vinavyong'aa kuwavusha viumbe barabara wasikanyagwe na magari. Nilikwenda na mwanangu. Katikati ya lami tulimkuta salamanda, mweusi tii mwenye madoa ya njano, mrefu kama kalamu, anatembea taratibu kama bibi harusi. Nilimbeba kwa kiganja kilicholowa, maana mkono mkavu huidhuru ngozi yake. Alikuwa baridi, mtelezi, na vidole vyake vinne vya mbele vilinishika kidole. Sheria ni moja: unamvusha kuelekea alikokuwa akielekea, humrudishi alikotoka. Anakwenda kwenye dimbwi alikozaliwa. Madimbwi hayo hukauka kiangazi, na huo ndio usalama wake, kwa sababu dimbwi linalokauka halina samaki wa kula mayai.

Kutoka gizani ilikuja sauti nyingine, ya chura asiyezidi nusu ya kidole gumba, mluzi mwembamba mmoja mmoja. Wakiwa mamia, kwa mbali ni njuga za ngoma kabisa. Mwanangu aliuliza kwa nini wanapiga kelele hivyo. Nikamwambia wanatafuta wachumba. Akafikiri kidogo, akasema, "Si wangeenda kimya kimya tu."

Maua yanayowahi

Ndani ya msitu, maua ya kwanza hayaoti juani kando ya njia, huota chini ya miti. Ukishajua sababu unashangaa hukuiona mwenyewe. Mwezi wa saba sakafu ya msitu ni giza, majani ya juu yamekula mwanga wote. Lakini kati ya theluji kuyeyuka na miti kuvaa majani kuna wiki chache za jua la bure. Maua madogo kama trilio na hepatika hufanya sehemu kubwa ya kazi yao ya mwaka katika wiki hizo: huchipua, huchanua, na mengi, miti ikifunga dari, hunyauka na kurudi ardhini. Muuza vitumbua anayemaliza ndoo yake kabla hoteli hazijafunguliwa angeyaelewa vizuri. Mbegu za maua hayo hubebwa na sisimizi wanaopenda kijinofu cha mafuta kilichobandikwa juu yake. Usiyachume. Trilio moja huweza kuchukua miaka saba au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza.

Lipo pia gugu la kinamasi, kabichi ya kicheche tungeweza kuliita kwa harufu yake, ambalo halingoji theluji iyeyuke. Ua lake huzalisha joto lenyewe, likiipita hewa ya nje kwa nyuzi 15 na zaidi, na kutoboa theluji kama kijiko cha moto kwenye siagi.

Yanayosemwa bila ukweli

La kwanza ni la yule mnyama wa tarehe 2 Februari. Mji wa Punxsutawney, Pennsylvania, tangu mwaka 1887 humtoa shimoni mnyama mnene wa jamii ya kindi. Akiona kivuli chake, baridi itaendelea wiki sita. Hesabu mwenyewe: wiki sita kutoka hapo ni katikati ya Machi, karibu kabisa na sikusare. Utabiri wake ukilinganishwa na rekodi za hewa haumshindi mtu anayerusha shilingi. Kinachochekesha ni kwamba madume halisi ya mnyama huyu huamka kweli mwezi Februari, lakini hawana habari na hali ya hewa. Hupita kwenye mashimo ya majike kujua nani anakaa wapi, kisha hurudi kulala.

La pili ni la robini, ndege wa kifua cha rangi ya matofali. Watu humwona Machi na kusema amerejea. Wengi hawakuondoka; walikuwa vichakani kwa makundi wakila matunda makavu. Kilichobadilika ni udongo. Ukilainika, minyoo inapanda, naye anashuka kwenye nyasi mbele ya nyumba yako, anainamisha kichwa, anavuta. Kwa hiyo ni ishara nzuri, ya udongo lakini, wala si ya safari.

La tatu ndilo lenye madhara: kwamba mmea ukihisi joto unaamka. Laiti ingekuwa hivyo, jua la siku tatu Januari lingeua miti yote. Machipukizi ya mti kama tufaha huhesabu baridi kwanza. Aina nyingi za kaskazini huhitaji saa 800 hadi 1,000 za baridi ya wastani, na kabla hesabu haijatimia, joto lolote ni kelele tu. Ndiyo sababu matufaha ya Lushoto na Njombe hayana budi kuwa ya aina zisizodai baridi nyingi. Jaribio la nyumbani ni rahisi: kata kijiti cha kichaka kinachochanua mapema, kitie kwenye glasi ya maji sebuleni. Ukikikata Novemba, kitakukodolea macho. Kikate Machi, baada ya wiki moja mbili una maua mezani.

Hatari inaanzia hapo sasa. Hesabu ya baridi ikishatimia, ulinzi umeondoka, na mti unafuata joto tu. Machi 2012 joto la ajabu liliingia mashariki na katikati ya Marekani, miti ikachanua wiki nyingi kabla ya wakati, kisha Aprili ikaleta barafu. Michigan, jimbo kubwa la matufaha, lilipoteza takriban asilimia 90 ya mavuno ya mwaka ule. Mwaka 2023 baridi ya usiku mmoja katikati ya Mei iliunguza maua ya matufaha na mizabibu majimbo haya ya kaskazini mashariki.

Udongo uliolala

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Mwaka wangu wa pili hapa, wiki ya tatu ya Aprili, jua liliwaka siku tano mfululizo. Nikamwaga mbegu za mchicha kwenye kipande changu cha bustani ya jumuiya, nikahamishia nje miche ya nyanya niliyoilea dirishani. Mama mmoja wa Uvira, jirani yangu wa tuta, alinitazama, akainama, akachota udongo na kuniwekea kiganjani. "Papa, sikia. Ingali inalala hii." Ulikuwa baridi kama soda ya kwenye friji. Nilicheka, nikaendelea. Siku ya sita asubuhi nyanya zilikuwa nyeusi, zimelegea kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa. Mchicha haukutoa hata jani. Mama yule hakusema nilikuambia. Alisema "pole, papa," akanipa mbegu za njegere.

Njegere alizijua. Mbegu haisomi hewa, inasoma udongo. Njegere, spinachi na figili huvumilia udongo baridi na hata barafu nyepesi, huingia ardhini Aprili. Mchicha, nyanya, maharage na mahindi hutaka udongo wa nyuzi 15 na zaidi, na usiku usio na barafu. Huku barafu inaweza kurudi hata baada ya katikati ya Mei, kwa hiyo wengi hungoja sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliofariki, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Wakulima wa zamani walikuwa na kipimo kingine: panda mahindi majani ya mwaloni yakilingana na sikio la kindi. Ni kipimo kizuri kuliko kalenda, kwa kuwa mwaloni ni mwoga, hautoi majani mpaka udongo umepata joto kweli.

Wakati huo mwisho wa foleni unaonekana. Machipukizi ya kangaga yaliyojikunja kama kichwa cha gambusi huuzwa sokoni. Yachemshe dakika 15 kamili na maji uyamwage, mabichi yanaumiza tumbo. Kupe wameshaamka tangu nyuzi 4 tu, vaa soksi ndefu. Na Mei ikipita nusu wanakuja visubi weusi kutoka kwenye vijito safi, ndugu wa wale wanaosambaza ugonjwa wa usubi kule Mahenge, ingawa hawa wa Maine wanauma tu bila kuleta ugonjwa huo.

Siku hizi zile saa mbili zinaachana. Henry David Thoreau, mtu wa Concord, Massachusetts, aliandika miaka ya 1850 tarehe za maua ya kwanza ya mji wake, mwaka baada ya mwaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipozilinganisha na za sasa, walikuta maua yanachanua takriban siku kumi mapema kuliko enzi zake. Ndege wahamiaji hawajasogea kiasi hicho. Wengi wao bado wanasikiliza saa ya mwanga, ambayo haijabadilika. Ndege anafika siku yake ileile ya tangu zamani, wadudu waliolishwa na majani machanga wameshaanza kupita.

Shangazi nilimjibu Aprili, baada ya ule Usiku Mkubwa. Sikuandika maelezo yote haya. Nilisimama kando ya dimbwi, nikarekodi nusu dakika ya wale vyura wadogo, nikamtumia. Jibu lake lilikuja asubuhi, na nyuma ya sauti yake nilisikia mvua ikipiga bati.

"Hao vyura wako wana kelele kama wa hapa Mindu," alisema. "Sasa nimeamini. Lakini hilo koti usilivue kwanza."